Besi Iliyosikika kwa Baba Mkwe

“Chini ya meza! Mzoxolo, ingia chini ya meza sasa hivi!”

“Khuse, mimi nina futi sita. Hii meza nitaivaa shingoni.”

“Ingia!”

Akaingia, magoti kifuani, mikono bado imejaa unga. Nikajifunga kitambaa kichwani harakaharaka, nikapokea simu. Uso wa Tata ukajaa kioo chote, miwani imeshuka hadi puani. Tata ndivyo tunavyomwita baba, na baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu kule Komani, Afrika Kusini, na mwalimu wa kwaya ambaye hakuwa na mpango wowote wa kustaafu.

“Umechelewa kupokea.”

“Samahani, Tata. Simu ilikuwa kwenye chaji.”

“Phelokazi yuko wapi? Mpe simu nimsalimie. Mtoto wa watu anakulisha wiki ya pili sasa.”

“Anaoga, Tata.”

“Saa tisa mchana?”

“Ni hii korona. Akitoka dukani tu, anaoga.”

Jicho la Tata lilikuwa limetua nyuma ya bega langu.

“Na huo mkate kauoka nani?”

Nikageuka. Mkate wa mvuke ulikuwa umekaa juu ya kabati, umeumuka vizuri, mkate wa mtu anayeijua kazi yake.

“Mimi.”

“Wewe? Wewe uliyeunguza uji hapa nyumbani?” Akacheka. “Kumbe kufungiwa nako kuna faida.”

Chini ya meza nilisikia bega la Mzoxolo likitikisika kwa kicheko. Nikampiga teke.

“Sasa sikiliza,” Tata akaendelea. “Pasaka hatukutani kanisani, lakini wimbo wangu utaimbwa. Kila mtu ajirekodi kwa simu, anitumie, nami nitaziunganisha sauti. Yako ya kwanza naitaka kabla ya Jumatano. Ukirekodi tafuta mahali pa kimya. Sitaki kusikia mfuniko wa sufuria, sitaki kusikia mbwa.”

“Sawa, Tata. Na besi nani anaimba?”

“Wazee watatu, vifua vyao vyote vibovu. Besi wangu wa kweli yuko huko Mdantsane, lakini mpaka wazee wake waje hapa, siwezi kumpigia wala yeye hawezi kunipigia. Mila ni mila.”

“Ndiyo, Tata.”

“Mwambie Phelokazi asioge sana, atachubuka.”

Alipokata nilikaa sakafuni. Mzoxolo akatambaa kutoka mezani, vumbi magotini.

“Amesema besi wake wa kweli,” akanong’ona, macho yanang’aa.

“Hilo ndilo ulilolisikia? Mimi nakufa hapa, wewe unafurahia sifa?”

Ukweli wenyewe ni huu, na sitaupaka rangi. Jumanne ile ya Machi nilitoka Komani kwenda mji wa East London kuchukua vitambaa vya sare ya kwaya, nikamwambia Tata nitalala kwa Phelokazi, rafiki yangu wa chuo. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusafiri kabla nchi haijafungwa. Nilifika kituo cha teksi, nikaikuta foleni ndefu. Watu husimama kwenye foleni ya namna ile kwa saa nne na wakafika nyumbani. Mimi sikusimama hata dakika kumi. Niligeuka, nikaenda Mdantsane, kitongoji cha mji huohuo, kwa mchumba wangu Mzoxolo kumuaga, na hadi leo sijajua mtu gani huenda kuaga akiwa na begi la nguo.

Kosa lenyewe nalo ni zito. Wazee wake walikuwa waje Komani tarehe nne Aprili kuongea ng’ombe wa mahari. Kwetu binti akienda kukaa kwa mwanaume kabla ya mazungumzo hayo, huyo ametoroshwa, hata kama alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Dada yangu Nomalizo alifanya hivyohivyo. Tata hakulitaja jina lake kwa miaka sita. Picha yake ilitolewa ukutani na msumari ukabaki. Nilikuwa nakula chakula kila siku nikiutazama msumari ule, na sasa nilijua kabisa ni wapi picha yangu itafuata.

Kwa hiyo niliogopa. Asubuhi niliogopa simu, mchana niliogopa wanajeshi, na jioni nilimwogopa mwanaume niliyemfuata. Mzoxolo alikuwa mwokaji kwenye duka kubwa, ana kibali cha kwenda kazini, kila siku anashika trei zilizoguswa na watu mia. Akirudi anavua nguo zote mlangoni, nazitia kwenye maji ya moto kwa kijiti, naye anaoga kwenye beseni nyuma ya nyumba.

“Leo umekohoa?”

“Sijakohoa.”

“Nusa hiki.”

“Kitunguu.”

“Na hiki?”

“Soksi yangu. Khuse, hii sasa ni dharau.”

Hapo ndipo nilipocheka, kila siku kwa soksi ileile. Baada ya hapo ndipo siku ilipokuwa siku. Alinifundisha kuukanda unga mpaka uache kushika vidole, na kuufunika kwa blanketi karibu na jiko. Tulipika umngqusho, mahindi ya kukoboa na maharage, tukaiacha ichemke taratibu mchana kutwa hadi nyumba nzima inukie. Tulikula kwa sahani moja, tumekaa kizingitini, jua likitupiga miguuni. Kisha saa kumi tuliimba. Mimi juu, yeye chini, na simu ndogo kwenye spika ikiimba sauti mbili za katikati tulizojirekodi wenyewe. Majirani walifungua madirisha. Bibi wa ng’ambo ya uzio alikuwa anapiga kijiko kwenye sufuria, tena anapiga kwa makosa, na hakuna aliyemkataza.

Nilikuwa na furaha, nakiri. Furaha yenyewe ilinitisha kuliko vyote, maana nilijua siistahili.

Siku moja geti likapigwa buti.

“Fungueni! Mko wangapi humo?”

Wanajeshi watatu, barakoa hadi machoni, bunduki mkononi. Mzoxolo akatoka mikono juu.

“Tuko wawili, bhuti, kaka yangu.”

“Unanichezea? Nimesikia kwaya nzima kutoka barabarani. Mikusanyiko marufuku, hamjui?”

“Ni simu, bhuti. Wengine wako kwenye simu.”

Waliingia. Walifungua kabati, wakainua godoro, mmoja akachungulia hata ndani ya sufuria la umngqusho. Mkubwa wao akarudi akasimama mbele yangu.

“Imbeni.”

“Samahani?”

“Kama mko wawili, imbeni niwasikie.”

Jaribu kuimba siku moja na bunduki iko mbele ya kifua chako. Sauti yangu ilitoka imekatika vipandevipande. Mzoxolo akaja chini yake, polepole, akaibeba hadi ikasimama. Yule askari alisikiliza ubeti mzima, ameinamisha kichwa.

“Na huyu dada ni nani wako? Yuko kwenye orodha ya nyumba hii?”

“Ni mke wangu,” Mzoxolo akasema.

Askari akatutazama kwa zamu, akatikisa kichwa.

“Basi mwimbe ndani, mlango umefungwa. Nikisikia tena, nawabeba na hiyo simu yenu.”

Walipoondoka nikafunga mlango, nikamgeukia.

“Umeniita mke.”

“Ulitaka nimwambie nini? Kwamba nimemtorosha binti wa mwalimu wangu?”

“Usiseme hivyo.”

“Khuse, tumpigie Tata tumwambie. Nitapiga magoti kwenye simu.”

“Thubutu! Hata huruhusiwi kumpigia. Utaharibu na kile kidogo kilichobaki.”

Tangu siku ile hatukuimba tena nje. Mzoxolo alijifunga mdomo. Lakini mtu aliyelelewa kwenye kwaya ya Tata tangu ana miaka tisa hafungi mdomo hivihivi. Wimbo ulimbaki mwilini, akawa anauimba bila kujijua, akifua, akipiga mswaki, akichota maji.

Jumanne nikarekodi. Nilijifunika blanketi hadi kichwani, spika za masikio zikinipigia mapigo, simu mbele ya mdomo. Mzoxolo alikuwa anakanda unga upande wa pili wa chumba, nikamwonya asitie hata mguno. Kwenye mstari wa tatu wa wimbo ule sauti ya kwanza hunyamaza mapigo manne, besi inaingia peke yake, halafu sisi tunaifuata. Nikaimba, nikanyamaza, nikahesabu mapigo yangu manne, nikaimba tena. Sipendi kujisikiliza. Nikatuma vilevile.

Tiki mbili za bluu zikatokea. Tata hakujibu.

Jumatano, kimya. Alhamisi asubuhi, kimya. Tata anayesahihisha hata ujumbe wa salamu.

“Labda simu yake imeharibika,” Mzoxolo akasema.

“Simu iliyoharibika haipigi tiki za bluu.”

Alhamisi saa nane mchana ujumbe ukaingia. Maneno matatu tu.

“Nani anaimba besi?”

Nilichukua spika za masikio, nikausikiliza ule wimbo mara ya kwanza. Mstari wa tatu ukafika. Nikasikia sauti yangu ikinyamaza. Na kwenye lile pengo, kwa mbali, nyuma ya blanketi, ikaingia besi nzito na tulivu, iko sawasawa mahali pake, na kati yake mtu akavuta pumzi.

Nikampa Mzoxolo asikilize. Rangi ikamtoka usoni.

“Sikujua, Khuse. Haki ya Mungu sikujua kama nilitoa sauti.”

“Nilikwambia usitie mguno!”

“Ulinyamaza! Ukinyamaza pale, mimi nifanye nini? Pale ni pangu!”

“Pako? Sasa pako ni wapi na pangu ni wapi?”

Nikaandika kwa vidole vinavyoteleza: “Ni redio ya jirani, Tata.”

Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini.

“Redio haivuti pumzi katikati ya mstari wa tatu. Kwa kosa hilo nilimpiga rula mtu mmoja tu maishani mwangu.”

Nikaandika, nikafuta. Nikaandika, nikafuta. Mwishowe nikaandika “Tata, naomba nikueleze.” Tiki ikabaki moja, ya kijivu. Alikuwa amezima data.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, akapiga shangazi. Dada wa Tata kwetu anaitwa Dadobawo, na huyu wangu akipiga simu husalimii, unasikiliza.

“Umekaa?”

“Dadobawo, kuna nini?”

“Baba yako wamembeba. Gari la wagonjwa limetoka hapa sasa hivi, watu wamevaa mavazi ya plastiki mwili mzima, mtaa mzima umesimama madirishani.”

“Wamembeba kwa nini?”

“Kwa nini! Wiki mbili zilizopita alikwenda mazishi ya mwalimu mwenzake, akaimbisha pale kaburini kutwa. Homa imemshika tangu Jumatatu, ananikataza nisikwambie. Jana usiku pumzi zikawa fupi. Na tangu juzi alikuwa amelala na hiyo simu sikioni, anasikiliza kitu kilekile, anarudia, anarudia. Nikimuuliza ni nini, hasemi. Wewe unajua ni nini?”

Nikamtazama Mzoxolo.

“Khuselwa. Nimekuuliza.”

“Sijui, Dadobawo.”

Hata pale nilidanganya. Baba yangu yuko kwenye gari la wagonjwa, na mimi bado najificha chini ya meza.

Siku mbili zile sitaki kuzikumbuka na sizisahau. Hospitali hawaruhusu mtu kuingia. Kibali cha kusafiri kilitolewa kwa mazishi tu, na nilipomuuliza mtu wa polisi kwa simu akanijibu kwa upole kabisa, “Dada, akifariki utakipata.” Nilikaa na neno hilo kutwa. Jumamosi Mzoxolo akakohoa. Mara moja tu, akiwa mlangoni.

“Umekohoa.”

“Ni unga.”

“Nusa kitunguu.”

“Khuse...”

“Nusa!”

“Nasikia! Nakinusa, ni kitunguu, kinanuka!” Akanishika mikono yote miwili. “Sikiliza. Mwalimu akifa akiwa ananiona mwizi, mimi siwezi kukuoa. Hata wazee wako wakikubali. Nitakuwa nakuangalia kila siku namwona yeye.”

“Unaniacha?”

“Sijasema nakuacha. Nasema naogopa.”

Lilikuwa neno la kweli kuliko yote tuliyokuwa tumesemezana. Tukakaa sakafuni, mgongo kwa mgongo, kila mtu na woga wake, wala hatukupika.

Jumapili ya Pasaka mchana alioka mkate hata hivyo. Akasema mikono yake haijui kukaa. Nilikuwa nautazama unapoa, saa tisa mchana, simu ikaita. Jina la Tata.

“Tata?”

“Usiwashe picha.” Sauti ilikuwa nyembamba, imejaa hewa. “Sitaki uyaone haya mabomba.”

“Tata, nisamehe, naomba uni...”

“Subiri. Pumzi zangu ni za kuhesabu. Niache niulize mimi. Uko wapi?”

“Mdantsane.”

“Kwa nani?”

“Kwa Mzoxolo.”

“Tangu lini?”

“Tangu Alhamisi ile, Tata. Kwa Phelokazi nililala siku mbili tu.”

Nikasikia mashine inavuma. Mzoxolo alikuwa amesimama katikati ya chumba, kofia mkononi.

“Kwa hiyo Phelokazi hakuwa anaoga.”

“Hapana.”

“Na mkate?”

“Aliuoka yeye.”

“Nilijua,” akasema, akaanza kukohoa, kikohozi kirefu kilichonifanya nijishike mdomo. Kilipoisha akavuta hewa. “Ulikuwa unaniogopa kiasi hicho, mwanangu?”

“Ndiyo, Tata.”

“Kuliko huu ugonjwa?”

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimechoka kudanganya.

“Ndiyo.”

Nikasikia Tata anajigeuza kitandani.

“Mzee wa kitanda cha pili amefariki asubuhi hii,” akasema. “Usiku kucha alikuwa anampigia mwanawe, hampati. Nikawa namuonea huruma. Halafu nikajiuliza, mimi nikipiga, wangu atapokea, lakini atanidanganya. Nani kati yetu wawili ana afadhali?”

Nililia tu, kwa sauti, sikujali.

“Una namba ya dada yako Nomalizo?”

“Ninayo.”

“Nitumie.” Akavuta pumzi tena. “Sasa mpe simu.”

“Tata, mila...”

“Mila naijua kuliko wewe. Siongei na mchumba. Naongea na besi wangu.”

Mzoxolo alipiga magoti kabla hajaishika simu.

“Mwalimu.”

“Mstari wa tatu.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Unavuta pumzi mapema.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Nimekwambia mara ngapi?”

“Tangu nina miaka kumi na sita, Mwalimu.” Machozi yalikuwa yanamchuruzika hadi kidevuni. “Mwalimu, nimekukosea. Mimi ndiye...”

“Hayo yana wazee wake. Imbeni. Wote wawili. Nitasikiliza mpaka waninyang’anye simu.”

Tukaimba. Mlango wazi, dirisha wazi, na kama wanajeshi wangekuja, wangetukuta hapohapo. Niliimba nikiwa nimelishika shati la Mzoxolo, na kwenye mstari wa tatu nikanyamaza, na yeye akaingia, akalimaliza pengo lote bila kuvuta pumzi. Tulipomaliza hakuna aliyejibu upande wa pili.

“Tata?”

Kimya.

“Tata!”

“Halo?” Sauti ya mwanamke, imefunikwa na barakoa. “Mimi ni nesi. Mzee amelala. Anapumua, usipige kelele. Simu yake iko kwenye spika na wodi nzima imesikia.” Akasita. “Kuna mama wa kitanda cha dirishani anauliza kama mnaweza kurudia.”

Tukarudia. Tulirudia mara tano.

Tata alitoka hospitali mwishoni mwa Aprili, amepungua hadi suruali zinamkataa, na sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong’ono. Siku hiyohiyo akaniandikia:

“Tarehe moja Mei wanaruhusu watu kurudi kwao. Kata kibali uje nyumbani. Binti haombwi kwenye nyumba asimokuwemo.”

Nilimsomea Mzoxolo. Akakaa kizingitini.

“Ina maana amekubali?”

“Ina maana amesema nirudi.”

“Na akikuzuia?”

“Sijui.”

“Na wazee wangu wakifukuzwa getini?”

“Mzoxolo, sijui. Mimi nimeshadanganya kwa ajili yako, siwezi tena. Nikienda, nitakuwa nyumbani kweli. Ukinitaka, utakuja kunichukua huko.”

Aliniokea mikate miwili ya njiani. Kituoni hatukukumbatiana, polisi walikuwa wanaangalia umbali. Alisimama mita mbili akinitazama, na juu ya barakoa macho yake yalikuwa ya mtu anayeibiwa.

Karibu miezi mitano nilikaa Komani. Tata hakunigombeza hata siku moja, na hicho ndicho kilichonitesa. Nilimpikia, nikamkanda mgongo, nikamsomea gazeti. Nomalizo alikuwa anapiga simu kila Jumapili, na wanazungumza nusu saa, mnong’ono kwa kicheko. Lakini habari ya Mzoxolo hakuigusa. Dadobawo aliigusa kwa niaba yake na ya Tata.

“Umetuaibisha.”

“Ndiyo, Dadobawo.”

“Baba mkubwa wako keshazisikia fununu. Akikuuliza siku ya mahari mbele ya wageni, kana. Umenisikia? Kana kabisa. Wanaume wale wakijua ulishakaa kwao, watakuchukua bila heshima, na baba yako atainamisha kichwa mbele ya ukoo mzima. Kifua chake hakitahimili.”

Septemba serikali ikaruhusu watu kukusanyika. Jumamosi ya mwisho washenga wawili wakasimama getini wakiwa na barakoa, wanaita majina ya ukoo wetu kama inavyotakiwa. Dadobawo aliwaacha juani saa nzima kwa makusudi. Mzoxolo mwenyewe haruhusiwi kuwepo. Alikuwa kwenye gari mtaa wa pili, ananitumia ujumbe.

“Wamefunguliwa?”

“Bado.”

“Sasa?”

“Bado. Acha kuniandikia, nitazimia.”

Hatimaye wakaingizwa. Nilikuwa chumbani, shali mabegani, nasikia sauti za wanaume zikipanda na kushuka. Kisha Dadobawo akaja kunichukua. Mlangoni akanibana mkono, akanong’ona, “Kumbuka nilichokwambia.”

Nikapiga magoti kwenye mkeka, macho chini. Niliona viatu vya washenga vyenye vumbi la getini. Niliona ndara za Tata.

“Khuselwa,” akasema baba mkubwa, kaka yake Tata, mzee asiyeacha kitu kipite. “Watu hawa wanasema wametumwa kwa ajili yako. Unawajua?”

“Nawajua.”

“Na kijana wanayemsemea, unamjua?”

“Namjua, baba mkubwa.”

“Unamjua kiasi gani?” Akaegemea mbele. “Kuna maneno yanazunguka. Jibu mbele ya wote hawa. Ulishawahi kukaa kwa mtu huyu?”

Mshenga mmoja akakohoa ndani ya barakoa yake. Dadobawo alikuwa nyuma yangu na nilisikia anavuta hewa. Nikainua macho, jambo ambalo msichana hafanyi siku ile, nikamtazama Tata. Hakuniashiria chochote. Alikuwa ananitazama tu, mikono juu ya fimbo, anasubiri kama wengine.

Niliogopa kuliko nilivyowaogopa wanajeshi.

“Nilikaa,” nikasema. “Wiki tano. Nilikwenda mwenyewe.”

Minong’ono ikalipuka. Dadobawo akapiga kofi paja lake. Baba mkubwa akageuka kwa Tata, uso umewaka.

“Umesikia hayo, mdogo wangu? Umemsikia binti yako?”

Tata akainua mkono. Ilibidi wote wanyamaze kabisa ndipo sauti yake isikike.

“Nimemsikia,” akasema. “Nanyi mmemsikia. Binti yangu huyu hadanganyi. Haya, tuongee ng’ombe.”